Hollywood ya 1915 ilikuwa na nafasi kwa wengi kuliko ya 1935. Nani alifunga mlango?

#1 Mchana_Kweupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tumezoea kusimuliwa kwamba Hollywood ilianza ikiwa ya wazungu watupu, halafu mlango ukawa unafunguka kidogo kidogo hadi tulipo leo. Nimekaa na filamu za zamani zisizo na sauti kwa miaka sasa, na hadithi hiyo siikubali hata kidogo. Naona mambo yalikwenda kinyume.

Tazameni. Mwaka 1915 Cecil B. DeMille alitoa The Cheat, na aliyepaa kutokana na filamu hiyo ni Mjapani, Sessue Hayakawa. Wanawake wa kizungu Marekani nzima walikuwa wanajaza kumbi kwenda kumwangalia. Mwaka 1918 akafungua kampuni yake, Haworth Pictures. Lois Weber alikuwa anaongoza filamu pale Universal akiwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa studio ile, wanaume kwa wanawake. Alice Guy-Blaché alikuwa na studio yake, Solax, kule Fort Lee, New Jersey. Katika The Squaw Man ya 1914, moja ya filamu ndefu za kwanza kupigwa Hollywood penyewe, aliyecheza nafasi kuu ya kike ni Lillian St. Cyr, binti wa Ho-Chunk, yaani mwenyeji asilia hasa. Na mwaka 1916 ndugu wawili weusi, Noble na George Johnson, wakaanzisha Lincoln Motion Picture Company.

Sasa rukeni miaka 20 mbele. Hayakawa hayupo tena Hollywood. Lincoln na Solax zimekufa siku nyingi. Kwenye studio kubwa mwanamke anayeongoza filamu amebaki mmoja, Dorothy Arzner. Mtu mweusi akionekana kwenye picha, ana sinia mkononi.

Nini kilitokea hapo katikati? Naomba majibu ya watu waliosoma au waliotazama.

#2 Kasuku wa Magomeni

Ngoja nivute kiti. Uzi wa aina hii haujaonekana humu muda mrefu.

#3 Fundi Sauti

Jibu ni moja tu, Kanuni za Hays, yale masharti ya maadili ambayo studio zilijiwekea kwa filamu zao. Zilipopitishwa 1934 zikapiga marufuku mapenzi kati ya mweupe na mweusi kwenye filamu. Ukishakataza mapenzi, umemnyima mtu asiye mzungu nafasi ya kuwa nyota, maana filamu nyingi ni za mapenzi. Anabaki kuwa mtumishi au adui.

#4 Binti Kilindini

Kaka Fundi, kanuni zilipitishwa 1930. Mwaka 1934 ndipo Joseph Breen alipopewa ofisi ya kuzisimamia, na filamu isiyo na muhuri wa ofisi ile ikawa haiingii kwenye kumbi za studio kubwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1927, studio zilikuwa tayari na orodha ya mambo ya kuepuka, na marufuku hiyo ya rangi ilikuwamo.

Ila hoja yenyewe naiunga mkono, na ushahidi ninaoujua ni wa Anna May Wong. Amezaliwa Los Angeles mwaka 1905, Kiingereza chake cha Kimarekani kabisa. Akiwa kijana mdogo akabeba The Toll of the Sea ya 1922, akafuatia The Thief of Bagdad ya 1924. MGM walipotaka kutengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, kila mtu alijua nafasi ya O-Lan, mke wa mkulima, ni yake. Lakini mume alikuwa amepewa Paul Muni, mzungu aliyepakwa rangi na kubandikwa macho. Muni akishakuwa mume, mke hawezi kuwa Mchina halisi, maana watu wangeona mzungu na Mchina kitanda kimoja. O-Lan akapewa Luise Rainer, naye mzungu, akachukua Oscar. Anna May akaambiwa acheze Lotus, yule mke mdogo mwenye hila. Akakataa.

Kila nikiifikiria habari hii naumia upya. Filamu ya Wachina, na Mchina pekee aliyekuwa nyota anapewa nafasi ya mwovu.

#5 Mzee Kijiti

Binti Kilindini umeeleza vizuri, lakini hapo hapo umemvunja Fundi Sauti. Maandishi ya kanuni yalitaja weupe na weusi peke yao. Wachina hawakutajwa. Studio ndizo zilizoinyoosha sheria mpaka ikawafikia Waasia, na hakuna aliyezishikia bunduki. Kwa hiyo karatasi ya Hays ilikuwa kisingizio, na nia ilikuwepo kabla yake.

#6 Nyota ya Jaha

Mimi napinga uzi wenyewe kuanzia kichwa.

Mwanzisha uzi umechagua mwaka 1915 kana kwamba ulikuwa mwaka wa neema. Mwaka huo huo D.W. Griffith alitoa The Birth of a Nation. Weusi wakorofi katika filamu ile ni wazungu waliojipaka masizi, na mashujaa ni Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu la kuwatisha na kuwaua weusi. Ilionyeshwa Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Woodrow Wilson. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walihangaika mji hadi mji kutaka isimamishwe. Kabla mwaka haujaisha, Klan iliyokuwa imekufa ikafufuliwa pale Stone Mountain, Georgia. Hapo mlango ulikuwa wazi kwa nani?

Halafu hiyo The Cheat unayoisifu, umeitazama yote? Hayakawa anamshika mwanamke wa kizungu na kumchoma chapa ya moto begani kama ng'ombe. Wajapani wa Los Angeles waliilalamikia sana. Filamu iliporudishwa kumbini mwaka 1918, mhusika akabadilishwa kwa maandishi akawa mtu wa Burma, kwa sababu Japani sasa ilikuwa mshirika wa Marekani vitani. Hawakumbadilisha tabia, walimhamisha nchi. Walichohofia ni serikali ya Tokyo, wala hawakuwafikiria Wajapani wa Los Angeles.

#7 Mchana_Kweupe

Nyota ya Jaha, nimeitazama yote, na chapa ile naijua. Ndiyo maana nimetaja Haworth. Hayakawa alichoka kuchezeshwa mwovu, akaenda kutafuta fedha zake ili acheze mtu mwenye moyo. Mwaka 1918 aliweza kufanya hivyo. Mwaka 1935 Mjapani gani angeweza? Ninachouliza ni nani alikuwa na njia ya kujitengenezea filamu yake mwenyewe. Habari ya filamu kuwa nzuri au mbaya ni uzi mwingine.

#8 Hesabu Haidanganyi

Sasa umefika nilipokuwa nasubiri. Wakuu mnazunguka kwenye roho za watu wakati jambo liko kwenye fedha.

Filamu isiyo na sauti ilikuwa rahisi. Unahitaji kamera, mwanga wa jua, waigizaji na mtu wa kukata na kuunga. Oscar Micheaux, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alikuwa mkulima South Dakota. Aliandika vitabu akavitembeza mwenyewe nyumba kwa nyumba, na mwaka 1919 akatoa The Homesteader kwa fedha za kuuza hisa, nyingi kwa wakulima wa kizungu waliokuwa wakimfahamu. Mwaka uliofuata akatoa Within Our Gates, na humo akaonyesha watu weusi wakinyongwa na kundi la wazungu, jambo ambalo hakuna studio ingeligusa.

Mwaka 1927 ikaja The Jazz Singer na sauti. (Na kichekesho kichungu ni kwamba filamu iliyofungua zama za sauti, nyota wake Al Jolson anaimba amejipaka masizi.) Kurekodi sauti kulitaka mitambo, leseni na majengo maalumu. Kumbi nazo zikalazimika kununua vifaa. Benki zikaingia. Waliobaki wamesimama ni wakubwa watano, Paramount, MGM, Warner, Fox na RKO, na hao ndio wenye kumbi bora za mijini. Micheaux alifilisika 1928. Aliinuka tena na The Exile mwaka 1931, lakini kwa fedha za wafadhili wazungu.

Wanawake yaliwakuta hayo hayo. Kazi ilipokuwa haina faida kubwa, hakuna aliyejali nani anaongoza. Ilipokuwa biashara ya benki, wanaume wakaitaka.

#9 mtu_wa_pwani

Naafiki #8, lakini ongeza kumbi za kusini mwa Marekani. Studio ilipokuwa inauza filamu Georgia au Mississippi, ilijua mwenye ukumbi atakataa picha inayomwonyesha mweusi akiwa sawa na mzungu. Basi wakawa wanaandika hadithi kwa kumwogopa mteja mmoja, na nchi nzima inakula chakula alichochagua huyo.

#10 Kasuku wa Magomeni

Na yule mama wa Gone with the Wind, Hattie McDaniel? Nasikia alishinda Oscar na hawakumruhusu hata kuingia ukumbini kuipokea.

#11 Binti Kilindini

Kasuku, mambo mawili yamechanganyika hapo. Alikozuiwa ni Atlanta, Desemba 1939, kwenye uzinduzi wa filamu, kwa sheria za ubaguzi za Georgia. Kwenye Oscar, Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, aliingia na kuipokea kwa mkono wake, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Ila alikalishwa meza ya pembeni ukutani, mbali na waigizaji wenzake, na hata kuingia hotelini ilibidi aombewe ruhusa.

Alifariki 1952. Alitamani kuzikwa katika makaburi ya Hollywood, walipozikwa wenzake. Walimkatalia kwa rangi yake.

#12 Kasuku wa Magomeni

Dah. Asante dada. Hili la makaburi sikuwahi kulisikia.

#13 Mama Zuhura

Nasoma kimya kimya, ila hapa lazima niseme. Watu walimsema sana Hattie kwa kucheza watumishi wa ndani, wakiwemo weusi wenzake. Mimi ni mwigizaji hapa Dar, na siwezi kumhukumu.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda usaili wa filamu ya wageni iliyokuwa ipigwe Bagamoyo. Nafasi ilikuwa ya muuguzi. Nikasoma mistari yangu vizuri. Yule aliyekuwa anasimamia akaniambia Kiingereza changu kimenyooka mno, nikivunje kidogo. Nikakivunja. Akasema bado. Nikatazama foleni ya wenzangu nyuma yangu, nikajua nikikataa anachukuliwa anayefuata, na mwenye nyumba wangu haulizi habari za heshima. Nilikivunja tena. Wakaniita, nikafanya kazi, nikalipa kodi na ada ya mtoto.

Kwa hiyo tunapoongea habari za mwaka 1939, mimi naona mtu aliyekuwa na bili. Hasira yangu inakwenda kwa anayeandika nafasi.

#14 Nyota ya Jaha

Mama Zuhura, heshima yako. Ujumbe wako nimeurudia kuusoma.

#15 Fundi Sauti

Pole sana mama.

Nikirudi kwenye mada, mnasahau lafudhi. Sauti ilipoingia, mgeni aliyekuwa nyota wa kimya akafungua kinywa na watu wakashtuka.

#16 Mzee Kijiti

Fundi, leo umeamka na majibu ya neno moja moja. Asubuhi kanuni, sasa lafudhi.

Lafudhi haielezi. Ramon Novarro, Mmeksiko, alicheza Ben-Hur ya 1925 bila sauti, na mwaka 1931 akacheza Mata Hari na Greta Garbo, Mswidi, wote wawili wana lafudhi na watu walilipa kuwasikiliza. Mswidi mwenye lafudhi aliitwa wa ajabu na wa kuvutia. Na Anna May Wong nimwambie nini? Lafudhi yake ilikuwa ya California.

Nikiwa hapo kwa Wameksiko, kuna jambo linaloupa nguvu ujumbe #6. Mwaka 1922 serikali ya Mexico ilichoka kuona Mmeksiko wa sinema kila siku ni jambazi, ikafungia filamu za kampuni zinazowadhalilisha. Studio zilisikia haraka, kwa sababu soko lilikuwa jirani. Baadaye majambazi wakawa wanatoka nchi za kubuni zisizo kwenye ramani. Yaani aliyekuwa na serikali nyuma yake aliogopwa angalau kidogo. Mweusi wa Alabama serikali yake ndiyo iliyokuwa inamkandamiza.

#17 mtu_wa_pwani

Na waliojificha je? Merle Oberon aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa The Dark Angel, filamu ya mwaka huo huo wa 1935 anaoutaja mwanzisha uzi. Alikuwa amezaliwa Bombay, na upande wa mama ana damu ya Asia ya Kusini. Dunia iliambiwa amezaliwa Tasmania, na siri ile aliishi nayo hadi kufa. Kwa hiyo watu walikuwemo, ila kwa sharti la kujifuta.

#18 Mchana_Kweupe

Mtu wa pwani, hilo linanisaidia kuliko yote. Hayakawa alikuwa nyota kwa jina lake la Kijapani, wala hakutafutiwa kijiji cha Australia.

#19 Wakili wa Kijiweni

Hakuna aliyetaja sheria za nchi, nami nashangaa. Wachina walifungiwa kuhamia Marekani tangu 1882. California mwaka 1913 ikawazuia Wajapani kumiliki ardhi ya kilimo. Mwaka 1924 sheria ya uhamiaji ikafunga Waasia karibu wote. Nchi inayokuambia huwezi kuwa raia wala kununua shamba, itakuacha uwe shujaa wa mapenzi kwenye kila mji? Hayakawa aliondoka mapema miaka ya 1920, wakati chuki dhidi ya Wajapani California imepamba moto, kabla sauti haijaja na kabla ya Kanuni za Hays. Kwa tarehe, ndugu Hesabu, nadharia yako ya mitambo inachelewa kufika.

#20 Hesabu Haidanganyi

Kwa Hayakawa inachelewa, nakubali tarehe zako. Kwa Micheaux na waongozaji wanawake haichelewi. Sidhani kama kuna sababu moja inayowafaa wote hao. Ila fedha inawagusa wengi zaidi.

#21 Nyakati za Kale

Wadau, hamjambo. Mko Hollywood tangu asubuhi na hamjatutaja sisi, wakati tulikuwemo.

Mwaka 1929 MGM walileta msafara mzima hapa kupiga Trader Horn, chini ya W.S. Van Dyke. Walishukia Mombasa, wakapiga picha Kenya, Tanganyika, Uganda mpaka maporomoko ya Murchison, na Kongo. Ilikuwa moja ya filamu za kwanza kubwa za studio kuletwa Afrika badala ya kujengewa msitu wa mbao California. Aliyecheza mbeba bunduki Rencharo ni Mwafrika wa huku, Mutia Omoolu, na anaongea Kiswahili kwenye filamu. Walipohitaji kurudia baadhi ya picha, walimchukua hadi Culver City, California. Filamu ilitoka 1931, ikawania Oscar ya filamu bora.

Na mabaki ya picha hawakuyatupa. Yaliingizwa kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932. Kwa hiyo Tarzan wa Johnny Weissmuller, ambaye hakukanyaga huku, nyuma yake kuna mito na watu wetu.

#22 Kasuku wa Magomeni

Aisee! Na Kenyatta si alicheza filamu ya Hollywood pia? Ile ya Paul Robeson, yule mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani.

#23 Nyakati za Kale

Alicheza, lakini ile ni ya Waingereza. Sanders of the River, 1935, ya Alexander Korda. Jomo Kenyatta alikuwa London wakati ule, akaonekana humo kama mmoja wa machifu. Robeson aliingia akiamini ataonyesha utu na utamaduni wa Mwafrika. Ilipotoka akaona imekuwa sifa kwa ukoloni, akaikana hadharani.

#24 Dada wa Russell Square

Na Robeson alikuwa amejifunza Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za Kiafrika, hapa London miaka hiyo hiyo. Mtu anajifunza lugha za watu, anakwenda kuwachezea kwa moyo wote, halafu chumba cha kukata filamu kinamsaliti.

Tena ona jambo hili. Mke wa Robeson katika filamu ile amechezwa na Nina Mae McKinney. Huyu dada ndiye aliyewika katika Hallelujah ya King Vidor mwaka 1929, filamu ya MGM yenye waigizaji weusi watupu, na studio ikampa mkataba wa miaka 5. Mkataba wa nini, ikiwa hawana nafasi ya kumpa? Akavuka bahari kuja Ulaya, kama Anna May Wong alivyofanya 1928. Ulaya ilikuwa inawapokea wote waliofungiwa, ila Ulaya hiyo hiyo ikampa Nina kuwa mke wa chifu kwenye filamu ya kutukuza ukoloni.

#25 Mwalimu wa Usambara

Tukiwa miaka hiyo, kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi pale Vugiri, Usambara, chini ya Meja Notcutt, wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Waigizaji walikuwa wenyeji, na Kiswahili kilikuwa moja ya lugha zilizotumika. Mada zilikuwa kilimo, afya, kodi, kuweka akiba. Wakoloni walikuwa wanaogopa Hollywood itatuharibia adabu, hasa tukiona wazungu wanaibiana na kulewa. Kwa hiyo Hollywood ilikuwa inamficha mweusi asionekane, na huku tunafichwa tusiione Hollywood.

#26 mtu_wa_pwani

Maalim, kwetu Unguja ungechelewa. Babu zetu walikuwa wamejaa kumbini, na miaka ya baadaye pale Majestic ya Vuga mapenzi yao yalikuwa kwa filamu za Kihindi. Bibi yangu alikuwa analia na nyimbo asizozijua neno hata moja. Nadhani walichagua kutazama watu waliofanana nao kidogo, wenye mama mkwe na harusi na aibu ya familia.

#27 Nyota ya Jaha

Mmetoka nje ya mada ila nimefurahi.

Nirudi kwa Micheaux. Within Our Gates ilipotea miaka mingi kabisa. Nakala iliyobaki ilipatikana Hispania, na maandishi yake yalikuwa ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ikairudisha katika hali nzuri mwaka 1993. Sasa nawauliza, filamu ngapi za Lincoln Motion Picture Company mmeziona? Zimepotea karibu zote. Tunabishana kuhusu 1915 kwa kutumia mabaki. Inawezekana wapole na wenye kujiheshimu walikuwepo wengi kuliko tunavyodhani, ila hakuna aliyetunza mikanda yao. The Birth of a Nation ilitunzwa vizuri.

#28 Mzee Kijiti

Hili la nani anatunza mikanda ni zito kuliko kanuni na lafudhi. Na Noble Johnson mwenyewe, mwanzilishi wa Lincoln, alirudi kuwa mwajiriwa wa studio kubwa. Ukitazama King Kong ya 1933, yule chifu wa kisiwa ni yeye. Mtu aliyewahi kumiliki kampuni ya filamu za weusi wenye heshima zao, kavalishwa manyoya.

#29 Fundi Sauti

Bado nasema kanuni zilichangia. Mzee Kijiti, usicheke.

#30 Mzee Kijiti

Zilichangia. Nimekupa hiyo.

#31 Mama Zuhura

Within Our Gates ipo mtandaoni bure, haina tena haki miliki. Nimeianza usiku huu. Evelyn Preer, yule mwigizaji mkuu, mtazameni macho yake. Natafuta wenzangu watatu wanne wa Dar tuitazame pamoja kwenye turubai, tuongee kama waigizaji. Aliye tayari anitumie ujumbe faragha.

#32 Nyakati za Kale

Mama, mimi niko Nairobi, nitaitazama huku.

Nami nina ombi. Mutia ni jina la kawaida Ukambani. Kuna mtu wa Machakos, Kitui au Makueni ambaye wazee wake waliwahi kuzungumza habari za kijana aliyepelekwa California kumalizia filamu ya simba na mamba?

#33 Wakili wa Kijiweni

Jina peke yake halitoshi, wale watu wa sinema walikuwa wanaandika majina wanavyoyasikia. Ila shemeji yangu ni mtu wa Mwingi na baba yake bado ana kumbukumbu nzuri. Nitamuuliza Jumapili.